Naomba ushauri: Kuwapima Uviko wanafunzi wa bweni kabla ya mtihani wa kidato cha nne, ni lazima mzazi aridhie?

Mwl wa Isevya (Oktoba 2021)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule binafsi ya bweni ya wasichana hapa Tabora. Kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa mwezi ujao. Wimbi la tatu lilitupitia vibaya, mwezi wa saba tumezika watu tuliozoea kuwaona barabarani. Sasa uongozi unataka watahiniwa wapimwe kila wiki kwa vile vipimo vya haraka vya puani. Akipatikana mmoja atengwe mapema, bweni zima lisije kulala kitandani wiki ya mtihani.

Swali: fomu ya kujiunga inasema mzazi ameiruhusu shule impatie mtoto matibabu. Je, inatosha, au tuombe ridhaa upya? Naombeni majibu ya kweli, usingizi umenikimbia.

Mzee wa Urambo
Mwalimu, Aprili mwaka jana taifa lilifanya maombi siku tatu na Mungu akasikia. Wanafunzi walikaa nyumbani kuanzia Machi, wakarudi Juni, kidato cha sita wakitangulia, na mitihani ikafanyika. Nani aliwachomeka vijiti puani? Wape tangawizi na malimao, wapige nyungu, wasome. Hofu inaua haraka kuliko ugonjwa.

Mpwa wa Mirambo
Umenikumbusha bweni. Tulipata macho mekundu wiki ya pepa za majaribio, watu wanasoma jicho moja limefumba. Patroni akatupanga mstari, anatuwekea wote dawa kwa kidondoshi kilekile, akishika kope moja anahamia nyingine. Waliokuwa wazima waliugua siku iliyofuata. Tangu hapo nikisikia shule inapima au inatibu kwa foleni, nauliza kwanza anayeshika ni nani na kasomea wapi.

Dada wa Leicester
Mwalimu, huku kwetu Uingereza sekondari walianza kupima Machi 8 mwaka huu, shule zilipofunguliwa. Mara tatu za kwanza mtoto alipimwa shuleni akisimamiwa, baada ya hapo nyumbani mara mbili kwa wiki. Lakini ni hiari, na mzazi anaandika kukubali. Kuna mtoto darasani kwa mwanangu hajawahi kupimwa hata mara moja na hakuzuiwa kusoma. Ujerumani, jimbo la North Rhine-Westphalia, wadogo wa shule za msingi wananyonya kijiti kwa sekunde 30, vijiti vya darasa zima vinachanganywa na kupimwa kwa pamoja kwa PCR, kile kipimo cha maabara. Ikitoka chanya ndipo anatafutwa mtoto mmoja mmoja.

Wakubwa wana vituko. Kuna waliogundua kwamba ukikidondoshea kipimo cha haraka juisi ya machungwa badala ya ile dawa ya kwenye kichupa, mstari wa maambukizi unatokea. Mtu anakaa nyumbani mzima wa afya.

Bonge la Mtu
Kumbe lile papai ambalo Magufuli alisema mwaka jana limepimwa likakutwa na korona lilikuwa linasema kweli, tukalionea! 😂

Nesi wa Zamu
Tuacheni papai. Mwalimu, fomu ya matibabu ni kwa mtoto anayeumwa. Kumpima asiyeumwa, tena chini ya miaka 18, mzazi aulizwe. Sasa na mimi nina maswali mawili: vipimo mmevipata wapi, na mmeshaanza?

Mwl wa Isevya
Asante sana dada nesi. Vipimo ni vizuri, ni vya Uingereza, ndugu wa mwenye shule kaja navyo. Kule vinatolewa bure. Nilichotaka hasa ni hilo la ridhaa.

Nesi wa Zamu
Hujajibu la pili.

Kaka Msuya
Hata mimi nimeona karuka. Mwalimu, mmeshaanza?

Mwl wa Isevya
Tumeanza Jumapili baada ya ibada. Wawili wametoa mistari miwili.

Wako kwenye chumba cha cherehani, kina madirisha pande zote, wanapelekewa chakula na mimi mwenyewe nikiwa na barakoa. Wenzao tumewaambia wana tetekuwanga. Wazazi hawajaambiwa. Kabla hamjanishambulia nisikilizeni. Mmoja kwao ni Kaliua, analelewa na bibi yake mzee mwenye kisukari. Nikipiga simu leo, kesho mjomba anakuja kumchukua, wanabanana kwenye basi, anafikia kwa bibi. Huyo bibi akiondoka nitamjibu nani? Chumbani kwangu yuko salama zaidi. Na wote wawili hawana hata mafua.

Kaka Msuya
Mimi ni mzazi, binti yangu yuko bweni, siyo hapo lakini bweni. Kwa hiyo mwanangu akifungiwa chumba cha cherehani nitajua lini? Matokeo yakitoka? Hoja ya bibi ni nzuri, ungemwambia mzazi hiyohiyo. Watu wazima wanaelewa.

Mama Ipuli
Na hiyo tetekuwanga ndiyo imeniuma kuliko yote. Mabinti hao watarudi darasani ngozi nyororo, wenzao watasema nini? Umewaongezea jina la uongo juu ya ugonjwa.

Mzee wa Urambo
Nilisema mapema kuhusu hofu.

Bonge la Mtu
Wakuu, hii ni chai, tena ya maziwa. Masanduku ya vipimo yapite forodha bila mtu kuuliza? TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wamelala? Mwalimu wa malezi awe na muda wa kuandika huku? Anataka wachangiaji tu. Lete picha ya hicho kipimo.

Mpwa wa Mirambo
Hata mimi hiyo Kaliua, bibi na kisukari naona imepangwa mno. Mwezi jana kuna aliyetulilia hapa kuhusu ng'ombe wake wa Sikonge, kumbe hana hata kuku.

Kaka Msuya
Ikiwa chai au siyo chai, shule zinazofanya hivi zipo. Jibuni hoja.

Bonge la Mtu
Hoja ya hadithi unaijibu kwa hadithi. Picha!

Mwl wa Isevya
Picha siweki, kuna majina ya watoto nimeyaandika juu yake kwa kalamu. Ni maboksi madogo, kila moja lina vipimo 7. Unazungusha pamba ndani ya pua, unaichovya kwenye kichupa, unadondosha matone kwenye kishimo, maji yanapanda taratibu. Herufi C ikipata mstari ni kwamba kipimo kimefanya kazi, T ikipata ndiyo maambukizi. Nilivipanga juu ya meza ya maktaba kwa safu. Niko peke yangu, kwa hiyo nilimaliza kuwapima wote ndipo nikarudi kusoma kuanzia safu ya kwanza. Hao wawili walikuwa wa mwanzo kabisa. Mstari wa T ulikuwa hafifu, wa kijivu, lakini upo.

Nesi wa Zamu
Bonge, hii siyo chai. Mtunzi asingejua kukosea hivi.

Mwalimu, kutoka yule wa kwanza mpaka uliporudi kusoma ilipita saa nzima?

Mwl wa Isevya
Inafika. Labda na zaidi kidogo.

Nesi wa Zamu
Basi majibu hayo hayasomeki. Vipimo vile vina muda wake, kuna vya dakika 15, kuna vya 30, na karatasi iliyomo kwenye boksi inasema ni dakika ngapi usizipitishe. Mstari hafifu ndani ya muda unahesabika ni maambukizi. Ukitokea baada ya muda, kijikaratasi kikiwa kinakauka, hauna maana. Hao mabinti huenda hawana kitu.

La pili, maboksi yamewekwa wapi? Vinatakiwa vikae kati ya nyuzi 2 na 30. Tabora Oktoba, stoo ya bati, mchana?

Mwl wa Isevya
Yako stoo ya bati.

Nesi wa Zamu
Kipimo kilichopikwa na joto kinaweza kushindwa kumwona mwenye virusi. Kwa hiyo wasiwasi wangu mkubwa uko kwa wale uliowaambia wako salama. Kesho asubuhi mpigie Mganga Mkuu wa Manispaa. Waje wao kuchukua sampuli za hao wawili, au muwapeleke hospitali ya Kitete kwa gari la shule, madirisha wazi, wote na barakoa. Vipimo vya stoo msitumie tena. Na wazazi wapigiwe leo, kabla ya mganga.

Mwl wa Isevya
Mwenye shule amekataza wazazi wasipigiwe.

Mama Ipuli
Mwenye shule ndiye anayepeleka uji pale chumbani?

Mwl wa Isevya
Nimempigia mama wa mmoja sasa hivi. Kanisema sana, halafu akaomba aongee na mwanawe, nimempelekea simu. Anasema abaki hapo hadi majibu ya hospitali, nauli ya kuja anatafuta. Kwa bibi wa Kaliua simu haipokelewi, namjaribu mjomba. Nesi, hao wawili niwatoe usiku huu warudi bwenini au wasubiri?

Nesi wa Zamu
Wasubiri hadi wapimwe upya. Ila waambie ukweli kwa nini wamo humo, na wape madaftari yao.

Bonge la Mtu
Mwalimu samahani kwa lile la chai. Mjomba asipopokea niambie, nina mtu Kaliua mjini, anaweza kufika hadi nyumbani asubuhi.