Devin Hester: alistahili Canton au alibebwa?

Wakuu habari zenu. Usiku wa jana nimebishana na jamaa mmoja wa zamu yangu mpaka chai ikapoa, nikaona bora niilete hapa tuichambue. Yeye anasema Devin Hester kuingizwa Hall of Fame (ukumbi wa heshima wa magwiji) ya futiboli ya Kimarekani pale Canton, Ohio, mwaka 2024 ni kubebwa tu, kwa sababu ndo mtu wa kwanza kuingia kwa kazi ya kurudisha mipira, na ukimpima kama risiva (mdakaji wa pasi) alikuwa wa kawaida. Mimi nasema kubebwa kivipi wakati jamaa alianza kuwa na sifa za kupigiwa kura 2022 na wakamtosa mara mbili ndo wakamkubali?

Kwa ambao hamfuatilii huu mchezo: timu ikishapata pointi inampigia mwenzake mpira mbali (huo ndo wa kuanzishia), sa kule nyuma kuna mtu kasimama anausubiri, akidaka tu watu 11 wanamjia kama siafu. Na timu ikishindwa kusogea nayo inaubutua, hiyo wanaita panti (msicheke, ndo jina lake). Wengi wakidaka wakapata yadi zao 20 wanaangushwa na maisha yanaendelea. Huyu alikuwa anaondoka nao mpaka mwisho. Mara 20 kwenye ligi ya kawaida: panti 14, za kuanzishia 5, na moja ambayo hata ukimwonyesha mtoto anacheka. Novemba 2006, timu yake Chicago inacheza na Giants, wapinzani wanajaribu kufunga kwa teke kutoka mbali, mpira unakuwa mfupi. Hester yuko nyuma kabisa ndani ya boksi la mwisho, anaudaka, halafu anapiga hatua mbili tatu kivivu kama mtu anayetaka kuuweka chini akapumzike. Giants nao wakalegea. Ghafla huyoo! Yadi 108, hakuna aliyemgusa wa maana.

Miezi mitatu baadaye, Super Bowl (fainali ya ligi) dhidi ya Colts, Miami, mvua inanyesha, mpira wa kwanza kabisa wa mechi unapigwa kwake, sekunde 14 tayari yuko upande wa pili, yadi 92. Na hiyo haimo kwenye zile 20.

Kiberenge:
Mkuu umeandika vizuri ila unatuuzia video za kusisimua. Tuongee namba. Kama risiva kadaka mipira 255, yadi 3,311, tachidauni (kufunga kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) 16, kwa miaka yote hiyo. Marisiva wenzake, Torry Holt ana yadi 13,382, Reggie Wayne 14,345, na wote wawili walikuwa kwenye fainali ya kura hiyohiyo ya 2024 wakaachwa nje. Sasa mtu anayeingia uwanjani mara tano sita kwa mechi anapita mlangoni, wanaovunjwa mbavu kila jumapili wanabaki kwenye baraza? Na ile Super Bowl Chicago walifungwa 29 kwa 17, hizo sekunde 14 ziliwasaidia nini?

Mama Wawili:
Kiberenge hapo kwenye Super Bowl umejimaliza mwenyewe kaka. Baada ya ile ya kwanza Colts waliacha kabisa kumpigia ndefu, wakawa wanapiga za chinichini mifupi zisimfikie, yaani timu inakubali kuwapa Chicago nafasi nzuri ya kuanzia ilimradi huyu mtu asishike mpira. Hiyo inaandikwa wapi kwenye namba zako? Mpira ukipigwa nje kwa kumwogopa yeye anaandikiwa sifuri. Ni kama beki wawili wakimganda mshambuliaji mmoja, wenzake wakafunga, halafu useme yule hakufanya kitu.

Kiberenge:
Nakubali hilo dada. Lakini huo woga ulidumu miaka mingapi? 2006 na 2007 alirudisha sita sita mpaka mwisho, hapo alikuwa moto kwelikweli. Kisha 2008 na 2009 hakurudisha hata moja.

Mleta mada:
Kaka hapo ndo ulipo ugomvi wangu na Chicago sio na Hester. Walimchukua 2006 akiwa beki wa pembeni, 2007 wakasema ah huyu ana mbio tumfanye risiva, wakamjaza majukumu, 2009 akadaka 57 kwa yadi 757 ambayo ndo bora yake, na huku kwenye kurudisha akakauka. Mtu ana kisu kikali cha kuchinjia wewe unakwenda kulimia! Walipompunguzia mzigo 2010 akarudisha tatu. Kwa hiyo hizo yadi 3,311 mnazomhukumia ni kazi ambayo hakuzaliwa nayo, angekuwa hajawahi kucheza risiva hata siku moja kesi yake ingekuwa safi zaidi, hebu fikiria ujinga huo.

Halafu 2011 ligi ikasogeza sehemu ya kuanzishia kutoka yadi ya 30 hadi ya 35 ili mipira mingi ipitilize, kupunguza watu kuumizana, kwa hiyo nafasi zikapungua kwa wote. Bado 2014 akiwa Atlanta akarudisha panti dhidi ya Tampa Bay, ya 20, akampita gwiji Deion Sanders kwenye rekodi, na yadi za mwisho akazimaliza kwa kunyanyua magoti kama Deion mwenyewe.

Ya Holt na Wayne sina ubishi, waliachwa vibaya. Ila wale wanashindana na marisiva wenzao, kwenye foleni ndefu. Kwenye foleni ya Hester nyuma yake simuoni mtu.

Kiberenge:
Foleni ya mtu mmoja lazima uwe wa kwanza mkuu 😂

Mleta mada:
Haya bwana. Jamaa yangu anaingia zamu saa nne, hiyo ya kwako namficha, namwonyesha ile ya Giants kwenye simu kwanza.