Naomba ushauri: treni ya watoto inakata fyuzi kwenye mwinuko

Wakuu, habari. Nimejitengenezea kichwa cha treni cha kupandwa, reli ya upana wa inchi 7 na robo kama wanavyotumia Uingereza. Mota ni ya volti 24, wati 250. Betri mbili za sola za volti 12 nimeziunga mfululizo. Mnyororo ni wa baiskeli: meno 9 kwenye mota, 18 kwenye ekseli.

Nikipanda peke yangu inateleza safi. Wakipanda watoto watatu, ikifika kamwinuko ka karibu na banda la kuku, mota inanguruma, waya zinachemka, fyuzi ya ampea 20 inakatika. Jana imeungua ya tatu (mama watoto ameshaanza maneno).

Je, niweke meno 36 kwenye ekseli nikubali mwendo upungue, au niongeze mota ya pili? Fyuzi kubwa sithubutu, waya wenyewe ni wa milimita za mraba 2.5.