Mfugaji akilazwa, apimwe pua kwanza?

Mleta mada: Wakuu, Uholanzi ukitaka kulazwa unaulizwa kama unafanya kazi na nguruwe. Ukisema ndiyo, unatengewa chumba, unapitishiwa pamba puani na kusubiri majibu ndipo uchanganywe na wagonjwa wengine. Wanatafuta MRSA, bakteria asiyesikia dawa za jamii ya penisilini. Huku kwetu kila mtaa wa Dar una banda la broila na OTC, ile antibiotiki ya mifugo, inauzwa kama pipi. Je, wafugaji, wachinjaji na madaktari wa mifugo nao wapimwe kabla ya upasuaji? Maana wengine wanatoka bandani na kandambili zilezile hadi jikoni.

Mama Mabanda: Kandambili zangu zimekukosea nini? Bandani naingia na gambuti, na mlangoni kuna beseni la dawa. Sikukuu mnanipigia simu alfajiri mnataka kuku, hapo uchafu hamuuoni.

Mzee wa Kienyeji: Kuleni kienyeji yaishe. Hao wenu wa wiki tano wanalishwa hadi ARV.

Tabibu wa Mifugo: Mzee wangu, ARV ni za virusi. Hapa tunaongelea bakteria.

Mzee wa Kienyeji: Kwa hiyo unakubali wanalishwa! Uganda mamlaka yao ya dawa ilikiri bungeni, 2023 hiyo, kuku na nguruwe wanapewa.

Kijana wa Mbagala: Uganda ni Uganda, tuletee ya hapa. Halafu kienyeji gani mzee? Hao mnaotuuzia ni chotara, wamekulia kwenye banda na dawa zilezile, mnawaachia nje siku mbili wapate vumbi.

Mzee wa Kienyeji: Usinifundishe kuku, kijana. Nilikuwa nafuga baba yako hajaoa.

Kijana wa Mbagala: Na bado hujajua kutofautisha chotara.

Mwalimu Mstaafu: Tuheshimiane jamani. Kuhusu Uholanzi, nadhani walioanza kutuhumiwa ni ng'ombe wa maziwa.

Tabibu wa Mifugo: Nguruwe, mwalimu. Ndama wa nyama waliongezwa baadaye. Kuna mtoto mchanga alikuwa apasuliwe moyo, akakutwa na MRSA, na kwao wanafuga nguruwe. Mwaka 2005 watafiti wakaandika kwamba kwa wafugaji wa nguruwe inapatikana zaidi ya mara 760 kuliko kwa raia wa kawaida. Wengi hawaumwi, mdudu amekaa tu puani. Balaa ni akikipata kidonda cha upasuaji. Na wenzetu hawakuishia puani: tangu 2009 wamepunguza antibiotiki za mifugo kwa zaidi ya nusu. Huku mtu akiona kuku wana mdondo anakimbilia OTC, wakati mdondo ni virusi na OTC haimgusi.

Mama Mabanda: Usiku wa manane kuku wanapinda shingo, daktari hapokei simu. Nikae niwatazame? Akija asubuhi anadai nauli kwanza, kuku anawaangalia akiwa mlangoni.

Tabibu wa Mifugo: Mama, wakishapinda shingo hata mimi sina dawa. Chanjo ndiyo kinga. Hebu niambie, ukiwapa OTC, unasubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti, dawa iwaishe mwilini, kabla ya kuuza?

Mama Mabanda: Broila nasubiri.

Kijana wa Mbagala: Kasema broila. Mayai je?

Mzee wa Kienyeji: Hahaha! Kamatia hapohapo.

Mleta mada: Jamani, kupimwa mnakubali au mnakataa?

Mama Mabanda: Nipimwe mimi, nilale peke yangu manesi waniite "yule wa kuku", na aliyeniuzia OTC bila cheti nani anampima? Na nyie wa mayai, kuku wanataga kila siku, wawe wanatibiwa au hawatibiwi. Trei zote hizo nikizimwaga, deni la chakula dukani atalipa nani? Tabibu, nakuuliza wewe.