Mmeiba taa yangu ya injini ya Dakota, sasa mnauza kitu cha kuua watu

Wakuu, nimevumilia miezi mitatu. Leo nasema.

Mimi ni fundi wa bati hapa Gerezani, Dar. Mwaka wa sita huu natengeneza kwa mkono taa za mapambo zenye maumbo ya ndege za kivita za zamani. Kwetu ni Rufiji, kwa hiyo taa yangu ya kwanza ilikuwa ile ndege ya Farman yenye mabawa ya juu na ya chini ambayo Waingereza waliirusha kutoka Mafia, Julai 1915, kuelekeza mizinga yao kwenye meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta. Hadithi hiyo nimekua nayo.

Taa iliyonifikisha hapa ni ya Dakota, ile ndege ya kubebea askari na mizigo Vita vya Pili vya Dunia. Injini yake ina silinda 14, safu mbili za saba saba. Mimi natoa safu ya mbele: silinda saba zimezunguka, balbu nyuma ya kitovu cha panga la ndege, na mkanda wa alumini unaong'aa pembeni.

Huo mkanda ndio unaonitoa jasho. Bati la milimita moja ukiligonga hivihivi linapasuka. Nalipaka sabuni ya mche, nalipitishia moto upande wa pili huku jicho halibanduki kwenye sabuni. Ikigeuka nyeusi, natoa moto hapohapo, maana alumini haiwi nyekundu kama chuma ikakuonya. Ukizidisha kidogo tu inayeyuka na kudondoka miguuni. Hapo bati limelainika, nalifinyanga kwa nyundo ya mbao juu ya gogo lililochimbwa. Kisha ribiti, moja moja: mimi nagonga mbele, kijana wangu ameshikilia chuma kizito nyuma. Halafu msasa, kuanzia mkali mpaka ule laini wa maji. Siku tisa kwa taa moja.

Basi, kaja mwenye duka la mapambo. Anataka taa kumi na mbili, akaomba sampo kwanza. Alilipa nusu, shilingi 190,000, akasema nyingine atamalizia akileta oda. Nikampa. Tangu siku hiyo simu haipokelewi. Wiki iliyopita mteja wangu ananitumia picha: taa "yangu" inauzwa dukani kwake, na picha za tangazo ni zile nilizopiga mimi kibandani, hata meza yangu yenye alama ya kuungua inaonekana!

Nikaenda kuiona kwa macho yangu. Wakuu, ina silinda nane. NANE! Injini ya duara ya mipigo minne (kila silinda inapata moto mara moja tu kwa mizunguko miwili), kila safu lazima iwe na idadi witiri, kwa sababu moto unaruka silinda moja: 1, 3, 5, 7, halafu 2, 4, 6. Ukiweka nane, mzunguko wa pili unarudi kwenye zilezile, nusu hazipati moto kabisa. Aliyeinakili hakuhesabu hata sampo aliyoishika mkononi. Mkanda ni bati la kawaida limepulizwa rangi ya fedha, ukilikwaruza kwa ukucha inatoka.

Hayo ningeyameza. Lakini jana mama mmoja kaniletea taa ya duka hilo, kaambiwa fundi wake ni mimi. Mwanawe alipigwa shoti alipoishika kuisogeza. Nimeifungua mbele yake. Waya mbili tu, hakuna ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, na pale waya unapoingia kwenye bati hakuna mpira, ule ukingo mkali umeukata mpaka shaba inagusa mwili wa taa. Taa ya chuma! Yangu zote, ule waya wa njano na kijani naufunga kwa nati kwenye mwili wenyewe kabla sijagusa holda, na kila tundu lina mpira wake.

Mtoto mzima, namshukuru Mungu. Ila mama yule alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, na sikuwa na kosa.

Mwenye duka, najua unapita humu. Picha zangu zitoe leo. 190,000 iliyobaki ilete. Na hizo za silinda nane ziondoe kabla ya mtu hajafa. Hii ya mama nimeiweka kibandani kama ilivyo, imefunguliwa. Mwenye moja nyumbani achomoe waya ukutani, aniletee, nitamfungia ethi bure.