Wenye blogu, mnatufukuza wasomaji wenu wenyewe. Turudishieni mlisho!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekereka. Nasemea mlisho (RSS), ile njia ya kuletewa posti mpya za blogu kwenye programu yako bila kwenda kuzitafuta.

Kuna blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji ninayoifuata tangu 2012. Sitaji jina, mwenyewe akipita hapa atajijua. Anaandika vizuri kuliko mabwana shamba wengi niliokutana nao. Chanjo ya matone ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, nimejifunzia kwake: unadondosha tone moja jichoni, unasubiri kuku apepese ndipo unamwachia, na baada ya miezi mitatu unarudia. Nilianza na mitetea sita kwa kumsoma yeye tu.

Kumfuata ilikuwa kazi ya dakika moja. Unachukua anwani ya blogu, unaiweka kwenye programu ya kusomea milisho, basi. Akiandika saa nane usiku, asubuhi unaikuta posti nzima, mwanzo hadi mwisho. Google Reader, programu niliyosomea milisho, ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013 nilihamishia orodha yangu kwenye programu nyingine, Feedly, na sikupoteza hata blogu moja. Mama mkwe, ambaye mambo hayo hayawezi, nilimwandikisha kwa barua pepe kwenye kile kisanduku cha pembeni.

Julai 2021 huduma ya FeedBurner ya kutuma posti kwa barua pepe ikasitishwa, na visanduku vile kwenye blogu za Blogger vikafa. Taarifa ilitolewa miezi kabla, na wenye blogu waliruhusiwa kupakua orodha za wasomaji wao. Huyu wetu hakupakua. Mama mkwe akanipigia: "Baba, yule wa kuku amefariki?"

Kumbe yuko Facebook. Huko mashine ndiyo inayoamua uone nini, posti ya Jumatatu unaiona Ijumaa au huioni kabisa. Akahamia kundi la WhatsApp. Nikaingia. Salamu za asubuhi, picha za maua, watu wa mikopo, na posti yenyewe imezama chini ya jumbe mia mbili. Namba yangu ikawa mali ya kila mtu, wiki haikuisha nikaanza kupokea zile za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kwa nini nigawe namba yangu ya simu ili nisome habari za kuku?

Nilibaki na mlisho, na huo nao kaukata. Sasa unaleta mistari miwili na "soma zaidi". Ukibofya, kwanza unaombwa uruhusu arifa. Ukikataa, linashuka tangazo la kubeti limefunika kioo chote, na alama ya kulifungia ni ndogo kama punje ya ulezi. Kidole kinagusa tangazo lenyewe, unapelekwa usikokujua, na video inajichezea kwa bando lako. Nilipima juzi: posti moja fupi imenila MB 40!

Mwezi wa tisa aliandika onyo kwamba kideri kimeingia maeneo ya huku kwetu. Nililiona baada ya siku 11. Chanjo yangu ilikuwa imepitiliza wiki tatu, hilo ni kosa langu na silikwepi. Lakini onyo lile ningelipata asubuhi yake ningekimbilia duka la mifugo siku hiyohiyo. Nimezika kuku 19.

Waliofunga blogu Tanzania mwaka 2018 kwa sababu ya ile leseni ya blogu ya shilingi 1,000,000 siwalaumu hata kidogo, wale walibanwa. Nawasema ninyi mliobaki hewani halafu mkatufungia mlango kwa mikono yenu. Najua mnatafuta hela. Wekeni tangazo chini ya posti, wekeni namba ya kuchangia, mimi nitatuma na sitakuwa peke yangu. Mtu aliyekutafuta mwenyewe na kukusoma miaka kumi ndiye wa kumhangaisha hivi?

Kurekebisha hakuchukui hata dakika tano. Kwenye Blogger ingia mipangilio, sehemu ya mlisho wa tovuti, chagua kamili. Kwenye WordPress ingia mipangilio ya kusoma, chagua maandishi yote badala ya muhtasari. Umemaliza.

Na wasomaji wenzangu, msikubali kuambiwa milisho ilishakufa. Anwani ya blogspot iongezee /feeds/posts/default mwishoni, ya WordPress iongezee /feed, kisha ibandike kwenye programu yako. Nyingi bado zinafanya kazi, ila wenyewe wameacha kuzitangaza.

Mama mkwe bado ananiuliza lini nitamwandikisha tena, ana vifaranga 12 wa wiki mbili. Bwana wa kuku, kama unasoma hapa, nimwandikishe wapi?