Rotax 912 si injini ya boti: acheni kuziua hapa Mwanza!

Wakuu, uzi huu hauna salamu ndefu. Ndege za kujiundia zilizopo ukanda huu wa ziwa zinaharibiwa na watu, halafu lawama anabebeshwa Rotax, mtengenezaji wa hii injini ya 912 inayofungwa kwenye ndege ndogo. Mwenye ndege anaona ni kainjini kadogo, anamwita fundi wa boti kutoka Kirumba, kazi inaisha saa moja, logi (daftari la matengenezo) inajazwa na saini inapigwa. Ukifungua boneti, filta ya hewa haijaguswa.

Oili kwanza, maana hapo ujinga umejaa. Hii injini oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni. Ikishalala usiku, sehemu ya oili huteremkia chini ya injini, kijiti cha kupimia kinaonyesha pungufu, na mjuaji anamimina. Ikiwaka, ya ziada inatapikwa. Zima swichi zote mbili za moto, zungusha pangaboi (propela) kwa mkono, taratibu, kuelekea upande linakozungukia siku zote, mpaka usikie tangi linabubujika. Hapo ndipo unapima. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni lita 0.45 tu, kwa hiyo acheni kumimina kwa macho. Na msilirudishe pangaboi kinyume, mnaingiza hewa kwenye njia za oili.

Oili yenyewe ni takribani lita 3, na hiyohiyo ndiyo inayolainisha giaboksi. Ya tu-stroku ya boti, hapana. Ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano nayo hapana, inatelezesha klachi iliyo ndani ya giaboksi. Tafuta ya pikipiki ya foo-stroku yenye viungo vya gia. Kila saa 100 unabadilisha. Kama muda mwingi unatumia avgas (petroli ya ndege), kila saa 50, kwa sababu madini yake ya risasi yanaganda ndani. Filta mpya ikigusa kitako, ikaze kwa mkono robo tatu ya mzunguko, basi. Ile ya zamani ikate, kunjua karatasi yake uangalie vyuma. Plagi ya sumaku, ile inayonasa vyuma kwenye oili, ikiwa na ungaunga mweusi usiofika milimita 3, safisha uendelee. Ukiona vipande, ndege isiruke.

Halafu kuna hawa wanaochomoa paipu zote za oili "kusafisha mfumo", wanarudisha na kupiga stata hapohapo. Tapeti za hii injini, zile zinazosukuma vali, zinafanya kazi kwa oili! Zikijaa hewa, vali zinagonga na kuliwa. Kama paipu zilimwagika, toa plagi moja ya cheche kila silinda, zungusha injini bila moto mpaka geji ya presha ya oili ipande.

Petroli. Kuna kituo hapa mjini, sikitaji, watu wanajaza madumu kwa sababu ni karibu. Injini hii ina matoleo: 912 UL inataka petroli ya oktani 90, 912 ULS inataka 95. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haifiki hapo. Inalipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni, tena pale unapopaa na nguvu yote. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: nzuri inakauka bila alama, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Mtu ana hela ya kununua ndege, anakosa karatasi?

Kingine, jeti, yaani kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta. Mwanza iko takribani mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nguvu inapungua, ni hewa tu. Fundi anakuja na drili kutanua jeti! Kabureta za Bing za injini hii zinajirekebisha zenyewe kwa mwinuko. Ikinguruma vibaya na kumwaga petroli, toa maboya ya kabureta uyapime kwa mizani ya sonara: mawili ya kabureta moja yasizidi gramu 7. Yakizidi yamenyonya petroli, yanazama. Tupa.

Mpira wowote, yaani paipu za petroli, za maji, za oili na shingo za kabureta (mipira inayoshika kabureta kwenye injini), mwisho miaka 5 hata kama ndege haijaruka. Shingo ikipasuka, upande mmoja unavuta hewa ya ziada, injini inatikisika na giaboksi linaumia. Sailensa, yaani mwendo wa injini ikiwa imewaka bila kukanyagwa, ikiwa chini ya mizunguko 1,400 kwa dakika nayo inaliumiza vilevile. Mnaishusha ili iwe kimya, kwani ni jenereta ya harusi?

Wenye hoja waje. Wenye matusi wapite.

JIBU: Mkuu umenena, ila giaboksi umeligusia juujuu. Kipimo cha msuguano kila saa 100 wengi wanaruka wakisema kifaa hakuna. Kifaa kipo soko la samaki la Mwaloni: mizani ya samaki ya kuning'iniza, mradi uihakiki kwanza kwa jiwe la kilo 5. Funga kreki (shafti kuu ya injini) isizunguke kwa bolti yake maalumu, ning'iniza mizani kwenye pangaboi sentimita 50 kutoka katikati, vuta kwa pembe mraba. Likizunguka kwa kilo 5 hadi 12 liko sawa, hiyo ni takribani Nm (nyutoni-mita) 25 hadi 60. Chini ya hapo, lifunguliwe.

MLETA UZI: Sawasawa kaka, nimekubali. Na kabla ya kuruka msisahau moto: kwenye mizunguko 4,000 zima swichi moja moja. Isishuke zaidi ya 300, na tofauti ya swichi hizo mbili isizidi 115.

JIBU: Na msimu wa wale wadudu wa ziwani, filta ya hewa na rejeta mkague kila mkishatua. Wanajibana kwenye mapezi ya rejeta, joto linapanda bila sababu. Wapulize kwa upepo mdogo kutokea nyuma, presha kubwa inalaza mapezi. Tundu la kupumulia la tangi la petroli nalo, nyigu wanajenga humo kwa udongo.