Kombi ya zamani ya kulala ndani: nitazame nini kabla ya kununua?

Swali: Ndugu zangu, hapa Lubumbashi nimepata kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974, ya aina ile ambayo Westfalia ya Ujerumani iliigeuza nyumba ndogo yenye kitanda na kabati, na mwenyewe yuko tayari kuiuza kwa kuwa injini imelala miaka mingi. Natamani sana kulala ndani yake na watoto njiani kwenda Likasi. Nikague nini?

Jibu la 1: Ndugu, injini isikutishe, inapozwa kwa hewa, haina rejeta, na fundi mwenye subira ataishusha upesi. Kinachomaliza pesa ni kutu. Ingia chini ya gari, ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti ya kufa na kudondosha unga mwekundu. Hapo hesabu kwanza gharama ya kuchomelea.

Jibu la 2: Mimi na mume wangu tulikarabati ya kwetu. Mvua iliingia kwenye mipira ya madirisha, mbao za kitanda zikavimba, tukazichonga upya zote. Lakini asubuhi tulipokwangua rangi nyeupe na kukuta chini yake ile ya kwanza, ya machungwa, ingali inang'aa, nililia kwa furaha.

Jibu la 3: Naongeza moja tu: usiiwashe kabla ya kubadilisha mipira yote ya petroli, kwani ikizeeka hupasuka, na petroli ikidondokea injini yenye moto gari huungua.